Miaka 70 ya Meza ya Majadiliano: Safari ya Mkataba wa Hali Bora Tanzania, 1955–2025

Dibaji

Oktoba 1955 viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika waliunda Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, lililojulikana zaidi kwa kifupi chake, TFL. Katibu Mkuu wa kwanza alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyetoka katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 2025 umetimiza miaka 70 tangu siku hizo, ingawa shirikisho lenyewe halipo tena. Lilivunjwa mwaka 1964, na warithi wake, NUTA, JUWATA na OTTU, nao waliondoka jukwaani mmoja baada ya mwingine.

Kilichodumu ni utaratibu. Wafanyakazi wa sehemu moja ya kazi huchagua wenzao, hukaa na mwajiri, hujadiliana, kisha pande zote mbili husaini karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo mkataba wa hali bora, na ndiyo taasisi tunayoiadhimisha hapa. Historia yake inafundisha jambo moja: makao makuu ya vyama yalijengwa na kubomolewa kwa sheria na amri, lakini mkataba ulikuwa na nguvu pale tu tawi la mahali pa kazi lilipokuwa na watu.

1. Haja iliyozaa chama (1937–1950)

Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, lakini chama chenye nguvu ya kukaa mezani na waajiri kilichelewa kuzaliwa. Kabla hakijazaliwa, migomo ndiyo iliyosema. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1937. Mwaka 1939 waligoma tena, safari hii pamoja na wenzao wa Dar es Salaam, na mwaka 1943 bandari ya Dar es Salaam ikasimama kwa mara nyingine. Wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa: meli ikifika kuna kazi, isipofika hakuna posho. Madai yao hayakuwa ya ajabu. Walitaka ujira unaotosha, malipo ya saa za ziada na fidia kwa anayeumia kazini. Kila mgomo ulipokwisha hapakuwa na chama cha kusaini makubaliano kwa niaba yao, wala cha kuyasimamia kesho yake.

Mashambani hali ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro walifanya kazi kwa kipande, kadi yenye nafasi 30. Mfanyakazi akimaliza kipimo chake cha siku, nafasi moja ilitiwa alama. Asipokimaliza, au akiamka na homa, nafasi ilibaki wazi na siku hiyo haikuhesabiwa. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Ukubwa wa kipimo uliamuliwa na shamba, na mkata mkonge hakuwa na mahali pa kuuhoji.

Mwaka 1947 ukabadilisha mambo. Januari mji wa Mombasa ulisimama kwa mgomo mkubwa. Septemba ikawa zamu ya bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo mgomo ukafuata reli ya kati kuelekea bara. Serikali iliunda baraza la usuluhishi chini ya G. W. Hatchell, na uamuzi wake ukapandisha ujira wa makuli. Matunda ya mgomo huo yalikuwa pia chama cha makuli wa Dar es Salaam, ambacho Abdulwahid Sykes alikuwa katibu wake mwaka 1948. Zanzibar nayo iliona mgomo mkuu mwaka huohuo wa 1948.

Chama hicho hakikuishi muda mrefu. Mapema mwaka 1950 mgogoro bandarini uligeuka vurugu, na mwaka huohuo chama kikavunjwa kwa amri ya mahakama. Makuli walibaki na ujira ulioongezwa bila chombo cha kuulinda. Fundisho hilo ndilo waasisi wa mwaka 1955 walilolibeba.

2. Shirikisho na vyama vyake (1955–1963)

TFL iliundwa kwa msaada wa karibu wa Kenya. Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la wafanyakazi la huko, alifika Tanganyika na kushauri kwamba vikundi vidogo vya ufundi viunganishwe kuwa vyama vya kitaifa kwa kila sekta. Katika miaka michache vyama vilipatikana vya reli, bandari, mkonge na mashamba, majumbani na mahotelini, na kazi za jumla. Viongozi waliojulikana zaidi kipindi hicho, mbali na Kawawa, ni Christopher Tumbo wa chama cha reli, Victor Mkello wa chama cha mkonge na Michael Kamaliza wa chama cha kazi za jumla. Waajiri nao walijipanga: mwaka 1960 walianzisha umoja wao, ambao leo ni Chama cha Waajiri Tanzania (ATE).

Swali kubwa la kipindi hiki lilikuwa moja: nani awasemee wafanyakazi? Baadhi ya wenye mashamba walipendelea kamati za ushauri walizoziunda wenyewe ndani ya shamba, wakazungumza nazo wakati waupendao. Wafanyakazi walitaka chama chao. Shamba la mkonge la Mazinde, mkoani Tanga, lilipitia mgomo mrefu mwaka 1958 kwa sababu iliyogusa suala hilihili. Baadaye majadiliano ya mkonge yalihamia kwenye mabaraza ya pamoja yaliyokutanisha waajiri na wawakilishi wa chama. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, mmoja wa migomo mirefu zaidi katika historia ya nchi.

Baada ya Uhuru serikali changa ilikuwa na haraka ya kujenga uchumi. Januari 1962 Tanganyika iliridhia Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, unaolinda haki ya kujiunga na chama na kujadiliana kwa pamoja. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria iliyozuia mgomo hadi mgogoro upitie usuluhishi wa serikali, na Kamaliza akawa Waziri wa Kazi. Kati ya shirikisho na serikali pakazuka mvutano kuhusu uhuru wa vyama, na mwaka 1963 viongozi wawili wa vyama, akiwemo Mkello, walipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya serikali.

3. Chama kimoja (1964–1977)

Januari 1964 wanajeshi waliasi. Maasi yalipozimwa, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, na Februari Bunge likapitisha sheria iliyovunja TFL na kuunda chama kimoja, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Kamaliza, ambaye aliendelea kuwa Waziri wa Kazi. Ada zilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Fedha za chama zikawa za uhakika kuliko wakati wowote uliotangulia, ila Katibu Mkuu hakuwajibika tena kwa kura ya wanachama.

Hata hivyo mwaka huohuo ulileta jambo jema mahali pa kazi. Sheria ya Usalama wa Ajira iliunda kamati za wafanyakazi, zenye sauti katika masuala ya nidhamu na kufukuzwa kazi. Kwa mara ya kwanza msimamizi hakuweza kumfukuza mtu papo hapo bila kupitia utaratibu uliowashirikisha wenzake.

Mishahara ilipelekwa kwingine. Mwaka 1967, baada ya ripoti ya mtaalamu wa Shirika la Kazi Duniani, Profesa H. A. Turner, serikali ilitangaza sera ya mapato iliyolenga nyongeza zisizozidi asilimia 5 kwa mwaka, na ikaundwa Mahakama ya Kudumu ya Kazi. Makubaliano ya hiari kati ya chama na mwajiri yalilazimika kupitia mahakama hiyo kabla ya kuwa na nguvu. Tawi liliweza kukubaliana na mwajiri, lakini neno la mwisho kuhusu nyongeza halikuwa tena la wale waliokaa mezani.

Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakemea viongozi wenye kiburi na dharau. Wafanyakazi waliuchukua Mwongozo kama ulivyoandikwa. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa vilisimama kwa sababu ya lugha ya matusi na uonevu wa mameneja. Katika kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe. Sauti ya mahali pa kazi, ilipokosa meza, ilitafuta njia nyingine.

4. JUWATA hadi OTTU (1978–1995)

Kuzaliwa kwa CCM kuliifanya jumuiya ya wafanyakazi kuwa tawi la chama tawala, na mwaka 1978 JUWATA ikachukua nafasi ya NUTA. Kazi ya makatibu wa matawi katika miaka hiyo ya uchumi mgumu ilikuwa zaidi kutafuta bidhaa adimu, kusimamia maduka ya ushirika ya wafanyakazi na kutetea wenzao waliopewa barua za nidhamu. Kujadili mishahara kulikuwa sehemu ndogo.

Mwaka 1991 sheria iliunda OTTU, iliyotenganishwa na CCM, na mwaka uliofuata vyama vingi vya siasa vikaruhusiwa. Wakati huohuo mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa chini ya tume iliyoundwa mwaka 1992. Tawi lililozoea mwajiri mmoja, yaani serikali, likajikuta linakabiliana na mwekezaji, orodha ya wanaopunguzwa kazi na swali la malimbikizo. Uzoefu wa kujadiliana, uliodumaa kwa miongo miwili, ulihitajika ghafla.

5. Vyama vya kisekta na sheria mpya (1995–2007)

Katikati ya miaka ya 1990 vyama vya kisekta vilirudi. Wafanyakazi wa viwanda na biashara walikuwa na TUICO, wa mashambani TPAWU, wa serikali na afya TUGHE, wa serikali za mitaa TALGWU, walimu CWT, wa hoteli na majumbani CHODAWU, wa reli TRAWU, na wa migodi, nishati na ujenzi TAMICO. Mwaka 2000 Tanzania iliridhia Mkataba Na. 87 wa uhuru wa kujumuika, na mwaka huohuo Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998 ilianza kutumika. Mwaka 2001 likaundwa shirikisho jipya, TUCTA. Zanzibar ina sheria zake za kazi za mwaka 2005 na shirikisho lake, ZATUC.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa mwaka 2004, Bunge lilipotunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7. Hizi zilifuta utaratibu wa mwaka 1967. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kikapewa haki ya kutambuliwa na kujadiliana, na mkataba wake kuwa na nguvu ya kisheria tangu saini ya mwisho. Mwaka 2007 Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ilianza kazi, na kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42, zikatoka.

6. Meza ilivyo leo

Safari ya mkataba huanza kwa fomu. Mfanyakazi hujaza fomu ya TUF 6, inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara wake. Katibu wa tawi huzikusanya, huzihesabu na kuzilinganisha na orodha ya wafanyakazi. Zikivuka nusu ya wafanyakazi wa kitengo husika, chama kinaweza kudai kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano.

Baada ya kupata taarifa, mwajiri ana siku 30 za kukutana na chama. Akikaa kimya au akikataa, suala hupelekwa kwa msuluhishi wa Tume, na likishindikana huko huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Sheria hiyohiyo inaonya upande wa pili: chama kikipoteza wengi wake, mwajiri hukipa miezi mitatu kirudishe idadi hiyo, la sivyo utambuzi huondolewa. Hapa ndipo kazi ya tawi inapoonekana. Kustaafu kwa wazee na kuajiriwa kwa vijana wasiojiunga kunaweza kuangusha mkataba bila mgomo wala kesi.

Wawakilishi mahali pa kazi huchaguliwa kulingana na idadi ya wanachama: 1 kwa wanachama hadi 9, 3 kwa wanachama 10 hadi 20, 10 kwa wanachama 21 hadi 100, na 15 wanapozidi 100. Katika kundi hili la mwisho angalau 5 lazima wawakilishe wanawake, ikiwa wamo.

Mezani upande wa wafanyakazi huwa na mwenyekiti na katibu wa tawi, wajumbe wa kamati na ofisa wa chama kutoka kanda au wilaya. Upande wa mwajiri huongozwa na meneja rasilimali watu, pamoja na mtu wa fedha, na wakati mwingine mshauri kutoka ATE. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa zinazohusu majadiliano. Ndiyo maana tawi lililojiandaa huja na hesabu zake: bei ya unga na nauli, mishahara ya viwanda jirani, na uzalishaji wa mwaka uliopita.

Mambo mengi yanayojadiliwa yapo tayari katika sheria kama sakafu. Kazi ya mkataba ni kuipandisha.

| Jambo | Sakafu ya sheria (Tanzania Bara) | Mambo ambayo matawi hujadili |
|---|---|---|
| Saa za kawaida | 45 kwa wiki | Ratiba za zamu na usafiri wa usiku |
| Saa za ziada | Mara 1.5 ya ujira wa kawaida | Kiwango cha juu zaidi siku za mapumziko |
| Kazi ya usiku | Nyongeza ya asilimia 5 | Posho ya zamu |
| Likizo ya mwaka | Siku 28 | Nauli ya likizo kwa mfanyakazi na familia |
| Likizo ya uzazi | Siku 84 | Siku za ziada na muda wa kunyonyesha |
| Ugonjwa | Siku 126 katika mzunguko wa miezi 36 | Matibabu ya mfanyakazi na wategemezi |
| Kiinua mgongo | Siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10 | Siku zaidi, na miaka yote ya utumishi |
| Msiba | Likizo fupi yenye malipo | Jeneza, usafiri na rambirambi |

Majadiliano yakikwama, mgogoro hupelekwa kwa msuluhishi, ambaye ana siku 30. Asipofaulu, wafanyakazi wanaweza kugoma kihalali baada ya kupiga kura na kumpa mwajiri taarifa ya saa 48. Mwajiri naye ana haki ya kufungia nje kwa taarifa kama hiyo. Migogoro mingi haifiki huko.

Makubaliano yakipatikana huandikwa, husainiwa na nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Hapa Tanzania tumetofautiana na Kenya, ambako mikataba ya pamoja husajiliwa mahakamani. Mkataba wa wakala pekee humfunga mwajiri kwa wafanyakazi wote wa kitengo, waliojiunga na wasiojiunga. Kwa sababu hiyo sheria inaruhusu makubaliano ya ada ya uwakala: asiye mwanachama hukatwa kiasi kisichozidi ada ya chama, na fedha hiyo huwekwa katika akaunti tofauti, kwa kazi za mahali pale pa kazi tu.

Hatua muhimu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1932 | Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika |
| 1937, 1939, 1943 | Migomo ya makuli Tanga na Dar es Salaam |
| 1947 | Mgomo mkuu kutoka bandarini hadi reli ya kati |
| 1950 | Chama cha makuli Dar es Salaam chavunjwa |
| 1955 | TFL yaundwa |
| 1958 | Mgomo wa Mazinde |
| 1960 | Umoja wa waajiri. Mgomo mrefu wa reli |
| 1962 | Mkataba Na. 98 waridhiwa |
| 1964 | NUTA. Sheria ya Usalama wa Ajira |
| 1967 | Mahakama ya Kudumu ya Kazi |
| 1970 | Mabaraza ya wafanyakazi |
| 1978 | JUWATA |
| 1991 | OTTU |
| 2000 | Mkataba Na. 87 waridhiwa |
| 2001 | TUCTA yaundwa |
| 2004 | Sheria Na. 6 na Na. 7 |
| 2007 | Tume ya Usuluhishi na Uamuzi yaanza kazi |

7. Yaliyo mbele

Miaka 70 imeacha urithi ambao waasisi wasingeweza kuudai: haki ya kujadiliana imo ndani ya sheria, msuluhishi yupo, na mkataba ukishasainiwa hauhitaji baraka ya mtu wa tatu. Kazi zinazosubiri nazo zinajulikana.

Ya kwanza ni wafanyakazi walioletwa na mawakala wa ajira. Wanakaa kwenye mashine ileile na aliyeajiriwa moja kwa moja, lakini mwajiri wao kwenye karatasi ni kampuni nyingine, na hawahesabiwi katika kitengo cha majadiliano. Kadiri idadi yao inavyoongezeka, ndivyo mkataba unavyowalinda watu wachache zaidi katika kiwanda kilekile.

Ya pili ni mafunzo ya wawakilishi. Katibu wa tawi anayeweza kusoma taarifa ya fedha ya kampuni hupata kingi mezani kuliko anayetegemea ofisa wa kanda, ambaye ana matawi mengi ya kuhudumia.

Ya tatu ni daftari la wanachama. Likikaguliwa kila mwezi, na kila mfanyakazi mpya akifuatwa katika wiki zake za kwanza, chama hakitajikuta kimepewa miezi mitatu ya kurudisha wengi wake.

Mwaka 1950 amri moja ilitosha kufuta chama cha makuli. Leo sheria inamlazimu mwajiri kukaa mezani, mradi wafanyakazi wengi wawe nyuma ya chama. Sharti hilo haliwezi kutimizwa na Bunge wala na makao makuu. Linatimizwa na tawi, fomu moja baada ya nyingine, na ndiyo kazi ya miaka 70 ijayo.